Midomo Myeusi

Harufu ya wino wa masizi hainipi utulivu hata leo. Nikiisikia tu, miguu huanza kucheza yenyewe.

Nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani. Nje baragumu lilikuwa likilia, msafara wa wapagazi unaingia kutoka bara, nami ubao wangu sijauweza. Desturi yetu ilikuwa hivi: aliyemsomea mwalimu bila kukosea ndiye anayeosha ubao wake na kwenda zake. Nikakumbuka kwamba nilipougua homa nilinyweshwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, nikapona. Basi nikauosha ubao kwa siri, nikayanywa maji yote ili somo liniingie.

Mwalimu wetu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alinitazama midomo.

"Umekunywa?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Somo limefika moyoni, au limeishia tumboni?"

Nikajaribu kusoma, nikakosea neno la kwanza. Wenzangu walikwisha kukimbia wote. Hakunipiga, aliniandikia upya mstari mmoja tu kati ya mitano niliyoiosha.

"Huu ukiujua, nenda."

Nikausoma huku nikirukaruka kwa mguu huu na huu, nikaupata, nikatoka mbio. Njiani nikakuta vumbi tu, msafara umekwisha kupita, na wanawake wanaorudi makwao.

Asubuhi hii, chuoni kwangu, amesimama mbele yangu mtoto wa kike, ubao umeoshwa, midomo myeusi. Nje baragumu linalia. Nimechovya kalamu, nikamwandikia nusu mstari.