Swali la Dada Yangu Kwenye Foleni ya Kahawa

Dada yangu mdogo aliuliza kila kitu. Aliuliza kwa nini mzungu wa shamba ana manyoya mikononi, kwa nini kuku hanyonyeshi, kwa nini baba hazai. Mama alimjibu alipokuwa na nafasi, na alipokosa nafasi alimwambia akaniulize mimi.

Tuliishi kwenye laini, safu za nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru, miaka ile ya Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakiwasaka wapiganaji wa msituni. Baba alifanya kazi kwenye mtambo wa kumenya kahawa, mama alikuwa mchumaji. Wakati wa kuchuma sisi watoto tulikwenda naye, mimi niokote buni zilizoanguka chini, dada yangu kwa sababu hakuwa na wa kuachiwa.

Msimu mmoja lori lilileta wachumaji kutoka upande wa Thika. Mmoja wao alikuwa mrefu kuliko baba. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa upara, ndewe moja ya sikio imechanika, na juu ya sketi alivaa kabuti kuukuu la kiume. Sauti yake ilikuwa nzito, ingawa hakuitumia sana. Alichuma bila kuzungumza na mtu.

Jioni tulipanga foleni ili kahawa ipimwe. Mgeni huyo alikuwa mbele yetu, debe lake miguuni. Dada yangu alimtazama kuanzia chini hadi juu, kisha akamuuliza mama kwa sauti yake ya kila siku, ambayo haikuwa ndogo:

"Maitu, huyu ni mwanamume au mwanamke?"

Aliuliza kama ambavyo angeuliza kuhusu ndama. Hakuwa anacheka, wala hakumnyooshea mtu kidole.

Mama alimpiga kofi mdomoni kwa nyuma ya mkono. Mdomo ulipasuka, damu ikashuka kidevuni, na mtoto alishangaa hata akasahau kulia. Mama hakuwa amewahi kutupiga usoni. Lakini barazani tulikuwa tumetangaziwa kwamba watu wa msituni wanavaa nguo za kike ili wapite kwenye vizuizi vya barabarani, na yeyote atakayewaficha atakiona. Kila mtu kwenye foleni ile aliyajua hayo, isipokuwa aliyeuliza.

Nyapara alisikia. Akaja na kiboko chake, akawaambia homugadi wawili, askari wa kijiji wa serikali, waliolinda mizani, "Hata mtoto ameona. Nyinyi macho yenu yako wapi?"

Walimwamuru mgeni avue kabuti. Alisema taratibu kwamba yeye ni mama wa watoto, na kwamba wakimuuliza atawajibu. Hawakumuuliza. Mmoja alimpiga rungu nyuma ya magoti, mwingine akalivuta kabuti mpaka mkono wa nguo ukang'oka. Debe lilipinduka, na wakawa wanateleza juu ya kahawa huku wakimpiga. Wakamrarulia blauzi. Mbele ya watu wote tukaona maziwa yake, na kati yake vidonda vya mateso ya huko alikotoka, vingine bado vina usaha.

Nilidhani wataacha. Walichokuwa wanatafuta kilikuwa kimejulikana. Badala yake walizidi, nafikiri kwa sababu walikuwa wameaibika mbele yetu. Basi yule mgeni akalishika debe lake kwa mikono miwili, akampiga homugadi mmoja usoni. Nilisikia mfupa wa pua ukivunjika. Mwenzake akageuza bunduki na kumpiga kwa kitako, begani, kisha kichwani.

Mama yangu alituachia mikono. Alikwenda akajitupa juu ya yule mwanamke, na kiboko cha nyapara kikaanza kushuka mgongoni mwake. Wachumaji wengine wakapiga mayowe na kuwazunguka. Mzungu wa shamba alifika na gari lake, akauliza ni nani anayekanyaga kahawa yake. Kipigo kikakoma, nasi tukaamriwa kuokota buni zote kabla giza halijaingia. Nyingine zilikuwa na damu. Tuliziokota hizo pia.

Wanawake walimbeba yule mgeni hadi chumbani kwetu, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Baba aliporudi na kusikia habari, alivua mshipi. Alisema mtoto huyu atatumaliza kwa mdomo wake, na lazima achapwe mpaka akome kuuliza.

Mama alisimama katikati yao, mgongo umemvimba hata hawezi kunyooka. "Mimi nilishampiga," alisema. "Amepona nani?"

Baba alivaa tena mshipi, akatoka nje.

Mgeni alikuwa amelala juu ya magunia. Alimwita dada yangu, lakini dada yangu hakusogea. Basi akamjibu kutoka pale pale, kwa shida, maana taya lilikuwa limehama: "Mimi ni mwanamke. Walininyoa kizuizini."

Asubuhi homugadi walikuja kumchukua kwa lori. Hatukumwona tena, na hakuna mtu pale kwenye laini aliyethubutu kuuliza alipelekwa wapi.

Dada yangu aliacha maswali. Hakuuliza hata chakula. Alionyesha tu kwa mkono. Baba alisema sasa ameshika adabu. Mama hakufurahi. Njiani kwenda mtoni alikuwa akiuliza mwenyewe, kwa nini mawe haya yanateleza, ndege yule anakwenda wapi, na kujijibu, huku akimwangalia mtoto kwa pembe ya jicho.

Ulimi wake ulirudi baada ya msimu wa mvua, tukiwa tunafua. Aliweka nguo chini, akamtazama mama.

"Maitu, ulinipiga kwa nini?"

Mama angeweza kusema ni kwa ajili ya adabu. Wanawake wengine walikuwa pale, na mzazi wa siku zile hakujieleza kwa mtoto. Aliketi kwenye jiwe, mikono ikidondosha povu.

"Niliwaogopa wale watu," alisema. "Niliwaogopa wao, nikakupiga wewe."

Dada yangu aliokota nguo yake. Kisha akasema kwamba hata yeye aliwaogopa.