Bosi Hataki Maji

Umande bado haujakauka, na Mama Shogi anamfunga mbuzi wake, Bosi, mkanda wa tumboni. Anapenyeza vidole viwili chini ya mkanda. Vinapita kwa shida, analegeza. Kisha anamtwika shogi, mifuko miwili inayoning'inia huku na huku mgongoni. Ndani mna mablanketi tu.

"Mzigo wa kweli mpaka afikishe miaka minne," anasema. "Ukimharakisha, umemharibu mgongo."

Yeye mwenyewe alikuwa mpagazi wa wapanda milima, hadi goti lilipomkatalia. Sasa analea mbuzi wachanga kwa chupa ya maziwa, wamzoee kama mama yao, ili wakikua wabebe mahema na masufuria ya wageni.

Leo Bosi anajaribiwa kwa mara ya tatu. Mawe hayamsumbui, mbwa hawamtishi, lakini maji hataki hata kuyakanyaga, na njia ya mlimani inakatiza kijito. Mbuzi asiyevuka hana kazi, na nyumba hii haina uwezo wa kulisha asiye na kazi. Wawili waliomtangulia waliishia buchani kwa shemeji yake.

Shemeji mwenyewe amekuja kutazama. "Usijichoshe, shemeji. Huyo ni mchuzi unaotembea."

"Mchuzi utaujua wewe na tumbo lako."

Utani haukauki kati yao. Ila aproni yake ya kazi shemeji ameiacha nyumbani, na kabla ya kuingia zizini amenawa kwa sabuni hadi viwikoni, mbuzi wasinuse damu. Hakuna aliyemwagiza.

Kijitoni, Bosi anakita kwato. Mama Shogi anavuta kamba, Bosi anarudi nyuma. Anavuta tena, Bosi analala chini na mizigo yake. Ndivyo ilivyokuwa jana, na juzi.

Mama Shogi anaifungua kamba shingoni mwa Bosi na kumkabidhi shemeji.

"Nimekosea," anasema polepole. "Huyu nimemlea anifuate. Nikimvuta, anadhani tumegombana."

Anavua kandambili, anaingia majini, wala hageuki. Nyuma yake Bosi analia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Shemeji anaanza kumwita. Mama Shogi anainua mkono, anyamaze. Anapanda ukingo wa pili, anazidi kwenda, midomo ameibana.

Ndipo maji yanaporuka. Bosi anatokea amelowa hadi tumboni, anampita, anashika njia mbele yake.

Shemeji anavuka kuwafuata na viatu vyake miguuni. Anatoa mablanketi yanayochuruzika, anayabeba begani mwenyewe. Anasema kitoweo kimemponyoka, lakini anacheka.

Mama Shogi anapangusa macho kwa ncha ya kanga. Bosi akikomaa, anasema, safari ya kwanza haitakuwa ya wageni.

"Miaka yote nilipanda mlima nimeinama, naona visigino vya aliye mbele yangu. Safari hiyo tutakwenda mdogo mdogo na goti langu. Nataka nifike juu mikono mitupu, niangalie."