Mwanaheri, Gemu na Mkeka wa Pima Ishirini

Swali la kwanza la Mwanaheri kwa kitu chochote kigeni lilikuwa moja: kinaishia wapi? Nilipoandikishwa shule alitaka kujua shule inaishia darasa la ngapi. Waya wa simu ulipopitishwa mbele ya nyumba yetu Masasi, aliufuata kwa miguu tangu asubuhi, akarudi alasiri na vumbi mpaka magotini. "Unaendelea," alisema, kama mtu aliyedhulumiwa.

Kazi yake ndiyo iliyomfundisha hivyo. Mwanaheri, mdogo wake marehemu mama yangu, alikuwa msukaji wa mikeka. Msukaji huanza na ukili, yaani utepe mrefu wa ukindu wenye upana wa kiganja. Huusuka pima baada ya pima, na ukishatimia urefu ndipo huuzungusha na kuushona ukingo kwa ukingo mpaka mkeka utokee. Asiyejua ukili wake unaishia wapi hubaki na mkeka usiofunga pembe.

Mwaka 1997 ulikuwapo ukili mmoja ambao nyumba nzima ilikuwa ikiutazama. Mama, Sophia, aliuanza kwa ajili ya harusi ya dada yangu Shamila, wenye miraba myeusi na myekundu safu kwa safu. Alifariki akiwa amesuka pima saba. Mkeka ulitaka ishirini.

Kwa wasukaji wa kwetu, ukili ulioanzwa na mtu haumaliziwi na mwingine. Kila mkono una mkazo wake, na mikono inapobadilishana mkeka hujikunja. Mwanaheri peke yake aliweza kuuendeleza, kwa kuwa yeye na mama walifundishwa na bibi mmoja, kwenye baraza moja, wakichapwa vidole kwa fimbo ileile. Siku ya arobaini alimwambia Shamila mbele ya watu: "Mahali mama yako alipoishia na nitakapoanzia mimi, hata wewe hutapaona."

Shamila alipoposwa na kijana wa Newala, harusi ikapangwa mwisho wa Agosti. Mwezi wa Juni Mwanaheri akauteremsha ukili kutoka ukutani, akaloweka ukindu. Mwezi huohuo nikaja likizo kutoka chuo cha ualimu Mtwara, na mfukoni nilikuwa na gemu.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameingia Kusini, na nyuma yao wachuuzi wenye saa za plastiki, miwani, redio zenye tochi, na hizo gemu. Ilikuwa kidude cha kijivu cha kuenea kiganjani, chenye kioo kidogo na vitufe vya njano, na juu yake paliandikwa kwamba ndani kuna michezo 9,999. Nilikuwa nikiandika makala ya gazeti la ukutani la chuo kuhusu jinsi vidude hivi vinavyowapumbaza vijana, nikanunua kimoja ili nimjue adui. Makala haikuandikwa. Kila nilipokaa kuiandika nilitaka kwanza kumjua adui kidogo zaidi.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Hicho kinacholia ni nini?"

"Gemu. Matofali yanashuka, unayapanga. Safu ikijaa bila pengo, inafutika."

"Inakwenda wapi?"

"Haiendi popote. Inafutika tu."

"Mtu anapanga vizuri, halafu kazi yake inafutwa?"

"Ndiyo unapata pointi."

"Na akipanga vibaya?"

"Matofali yanabaki. Yakifika juu, umekufa."

Aliuweka ukili pajani. "Lete niione hiyo dunia."

Mimi nilikuwa nimehangaika wiki mbili kufika mwendo wa tano. Yeye alinipita siku ya tatu. Jicho lake lilikuwa limetafuta mapengo tangu utotoni, na vidole vyake vilijua kugeuza kitu kabla akili haijaagiza. Siku ya nne aliniuliza kama ile michezo 9,999 ni ya kweli.

"Uongo wa wafanyabiashara," nikasema.

"Umehesabu?"

Sikuwa nimehesabu. Yeye akahesabu. Alichukua jani moja refu la ukindu, na kila alipokuta mchezo ambao ni tofauti kweli alipiga fundo. Kulikuwa na nyoka anayekula, gari linalokwepa magari, kifaru cha vita kinachopiga vifaru, chura anayevuka barabara. Michezo mingine yote ilikuwa ileile, imeongezewa mwendo au imeanza na matofali machache chini. Siku ya kumi jani lilikuwa na mafundo kumi na manne.

Niliwaka. Nikamwambia kwamba huo ndio uhuru tulioletewa sokoni: kitu kimoja kinavishwa namba elfu, na mkulima wa Mnyambe aliyeuza korosho zake anadhani amechagua. Kuhusu hilo sijabadilika mpaka leo.

"Ngoja, mwalimu," akasema bila kuinua macho. "Kuna mmoja sijauelewa."

Katika mchezo huo, ukuta wa matofali wenye mapengo ulishuka kutoka juu. Chini kulikuwa na kifaru kidogo kinachorusha matofali kwenda juu. Ukilenga pengo unaliziba, safu inafutika. Ilikuwa vita na ilikuwa ujenzi, yote kwa pamoja.

"Hii ni michezo miwili iliyooana," alisema. "Na mtoto wao ana nguvu kuliko wazazi."

Mtoto huyo ndiye aliyemchukua. Ile michezo ya kawaida aliweza kuiweka chini kwenda kutazama mboga. Huu ulimshika kwa mikono miwili, kwa kuwa alipochoka kupiga alikuwa anajenga, na alipochoka kujenga alikuwa anapiga. Kitufe kimoja kilipochakaa alikata kipande cha mpira wa kandambili akakiweka ndani, kikafanya kazi kuliko cha kwanza. Kifuniko cha betri kilipolegea alikifunga kwa ukindu, fundo la msukaji, lisilofunguka ovyo. Nilificha betri, akaazima za redio ya jirani yetu Bibiana.

Bibiana, Mmakonde aliyeolewa Masasi, alikuja kuzidai.

"Mwanaheri, harusi ni mwezi wa nane. Au bwana harusi atalala juu ya hicho kidude?"

"Kinamtosha mguu mmoja," Mwanaheri akajibu, na kifaru kikaendelea kupiga.

"Unatafuta nini humo ndani, mwenzangu?"

"Mwisho wake. Nikishauona tu, naacha."

Katikati ya Julai nilipima ukili. Pima saba za mama, na shubiri mbili za Mwanaheri. Shamila hakulalamika. Aliuchukua akautundika mlangoni, chini chini, kila anayepita ainame. Mwanaheri aliinama mara nyingi kwa siku, akapita.

Siku moja betri zilidhoofu, naye akafanya lile ambalo kila mtu wa kwetu hufanya: betri iliyochoka huanikwa juani ipate nguvu. Lakini kufungua lile fundo aliona taabu. Akaanika gemu nzima, juu ya ukindu wake, kwenye sakafu ya saruji, kioo kikilitazama jua la saa saba. Alipoirudia, kioo kilikuwa cheusi tii. Aliigonga, aliipuliza, aliiweka sikioni.

"Nimeiua," alisema.

Aliniachia kiganjani, akaingia ndani, akatoka na ukili.

Alasiri, nikiwa nayo kivulini, weusi ulianza kujitenga kama ukungu bondeni, na kufika saa kumi na moja kioo kilikuwa kimerudi kama kawaida. Niliitazama, nikamtazama Mwanaheri anavyosuka. Nikaizima na kuitia ndani ya sanduku langu, chini ya vitabu.

Kwa wiki tano alisuka kama mtu anayekimbizwa. Nilipopita karibu nilisikia midomo yake ikinong'ona, "Kushoto, kushoto, haya shuka," nikacheka moyoni. Nilijiona nimemwokoa. Pima kumi na tatu alizimaliza siku tano kabla ya harusi, na kesho yake akakaa kushona.

"Jafari, njoo," aliniita kabla ya adhuhuri. "Unaona nini?"

"Miraba."

"Tazama tena."

Katika ukili ulionyooka huwezi kuona safu nyingi kwa mara moja. Sasa, mizunguko ikiwa imelala ubavu kwa ubavu, ilionekana. Pima saba za mama zilijaa ukingo hadi ukingo, nyeusi, nyekundu, nyeusi. Kuanzia pale mkono wa Mwanaheri ulipoingia, kila safu ilikuwa na mraba mmoja mweupe wa ukindu usiotiwa rangi, safu hii kushoto, safu ile katikati, pima zote kumi na tatu.

"Vidole vilikataa kujaza," alisema polepole. "Safu ikijaa inafutika. Viliogopa kazi isije ikapotea."

Nikaenda kuitoa gemu sandukuni, nikamwekea mbele. Nikamweleza habari za siku ile ya jua, sanduku na vitabu. Aliiwasha, ikalia. Akaizima.

"Kwa hiyo ulinidanganya ili nifanye kazi," alisema, "na kazi yenyewe ndiyo hii."

Kusuka upya kulikuwa hakuwezekani. Nilimwambia, "Tuseme ni mtindo mpya. Nani atajua?"

"Mtindo mtu anaukusudia. Hili ni kosa." Akachukua sindano, akaendelea kushona.

Tuliupandisha mkeka Newala umekunjwa, Mwanaheri ameukumbatia njia nzima kama mgonjwa. Nyumbani kwa bwana harusi tulipokewa na shangazi yake, Mwanakombo, mwanamke mrefu mwenye ndonya ya zamani, pambo la mti kwenye mdomo wa juu, na ulimi uliojulikana mpaka Chilangala. Wamakonde na sisi Wayao ni watani, na siku ya harusi mtani haachi kitu kipite.

"Karibuni, watani. Tulidhani mmepotelea njiani mnauza chumvi kama babu zenu."

"Tumechelewa kwa kubeba maji," Mwanaheri akajibu. "Tumesikia huku juu hakuna visima, mnaoga kwa umande."

Wanawake wakacheka. Kisha mkeka ukakunjuliwa mbele yao wote, kama ilivyo desturi, na kicheko kikapungua. Mwanakombo alipiga magoti, akafuata safu kwa kidole.

"Huyu aliyeanza ni nani?"

"Dada yangu. Marehemu Sophia, mama wa bibi harusi."

"Mkono mzuri. Na huyu wa mapengo?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unaumwa macho, mtani?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, na neno *mtindo* lilikuwa ulimini. Mwanaheri alinitazama mara moja, nikalimeza.

"Nilikuwa nacheza," akasema. Akafungua fundo la kanga, akaitoa gemu, akaeleza yote: matofali, kifaru, jua, vidole. Hakupunguza kitu. Akamalizia na ahadi aliyoitoa siku ya arobaini.

Shamila alikuwa amekaa pembeni kati ya wasichana, amefunikwa. Alisogea kwa magoti hadi kwenye mkeka, akapapasa safu moja baada ya nyingine, mpaka kiganja chake kikatua pale mraba mweupe wa kwanza ulipotokea.

"Mama ameishia hapa," alisema.

"Nilisema hutapaona. Nimeshindwa, mwanangu."

"Ungeshinda, Mama Mdogo, ningemtafuta wapi?"

Kiganja chake hakikuondoka. Wanawake waliinamisha vichwa, na Mwanakombo akakohoa, kwa kuwa kazi ya mtani ilikuwa haijaisha.

"Kosa la mtani lina faini," alisema. "Mkeka siugusi, ni wa mwenyewe. Nipe kilichokukosesha."

Mwanaheri aliishika gemu kitambo, kidole gumba kikiwa juu ya kile kitufe cha kandambili.

"Kabla hujaichukua, jua kwamba haina mwisho. Inaongeza mwendo mpaka ushindwe, basi."

"Kila kitu kina mwisho."

"Na mimi nilisema hivyohivyo."

Akampa. Tuliporudi Masasi alianza ukili mwingine, wa mteja, nami niliukagua kwa siri kila jioni. Safu zilijaa. Mara chache niliona vidole vikisita kwenye mraba wa mwisho, kisha vikaziba. Hakuitaja gemu tena, ila lile jani la mafundo kumi na manne alilitundika kwenye msumari uliokuwa wa ukili wa mama.

Mwezi wa Novemba, nimekuja tena likizo na msimu wa korosho ukiwa umechanganya, dereva wa lori la mizigo alisimama mbele ya nyumba. Alikuwa ametoka Newala, na alikuwa na salamu za Shamila: yu mzima, mkeka hauhitaji kukarabatiwa. Halafu akajikuna kichwa.

"Kuna na salamu za yule bibi mrefu, sijui zina maana gani. Anasema ugali umemuungulia mara tatu. Na anasema mwambieni mtani nimehesabu michezo yote mwenyewe. Siyo kumi na minne. Ni kumi na mitano."

Mwanaheri aliacha kusuka. Alinyanyuka, akalishusha lile jani, akalipitisha vidoleni fundo kwa fundo, taratibu, mpaka la mwisho. Akayahesabu tena kuanzia upande wa pili.

"Dereva," alisema, "unarudi lini Newala?"