Wimbo Uliotaja Kona Yetu

Mwanamke mzee alikuja asubuhi, akasimama upande wake wa seng'enge, akamwambia mama yangu kwamba anataka kuingia shambani kwetu kuimba. Hakuomba maji wala majani ya ng'ombe. Hakuuliza kama tunauza mayai. Alitaka kuimba tu.

Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa jikoni na kikombe cha chai, na jambo la kwanza lililonijia akilini ni hati ya shamba. Ukiishi huku kwetu, kati ya Kitengela na Isinya, mtu yeyote anayeulizia ardhi yako ana sababu. Mgeni akisema tu kwamba hapa palikuwa pazuri zamani, unaenda kuhakikisha hati bado iko kabatini.

Mzee huyo tulimwita Koko, kama watoto wa Kimaasai wanavyowaita nyanya zao. Boma lake liko ng'ambo ya barabara ya udongo wa murram. Aliyemuuzia baba yangu shamba letu alikuwa shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, na yeye pia sasa ni marehemu. Kwa hiyo hakuna mtu wa kuulizwa nani alikubali nini siku ile. Baba alikuja huku kutoka Central, kwa Wakikuyu wenzake, akafungua duka la chakula cha kuku mjini, akatuzungushia waya. Mwaka huo alikuwa ameamua kujenga ukuta. Mawe yalikuwa yameshashushwa na fundi alikuwa anakuja wiki iliyofuata.

Koko alieleza shida yake taratibu, mkono mmoja juu ya waya. Kitinda mimba wake alikuwa mjamzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Katika nyumba yao, mwanamke aliyepata mkosi wa namna hiyo hupelekwa mahali alipozaliwa yeye mwenyewe, na wanawake wenzake humwimbia wimbo wa njia yote ambayo mama zake walipita, kutoka boma hadi boma, mpaka wafike pale alipotokea. Binti huyo alizaliwa kwenye kona yetu, kabla haijawa yetu.

"Hapo kwa sukuma?" Mama akauliza.

"Hapo. Nyumba yangu ilikuwa karibu na hiyo tangi yako. Ng'ombe walikuwa wanalala hapo."

"Na mimi nimekuwa nikisema ni mkono wangu," Mama akasema, akitazama mboga zake za sukuma ambazo hajawahi kuzitilia mbolea ya dukani.

"Mkono wako ni mzuri. Lakini hiyo ni mavi yetu."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Niliona jinsi neno "yetu" lilivyoingia shambani bila kupiga hodi.

Baba aliporudi jioni alisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu, akasema, "Leo ni wimbo. Kesho ni wakili. Kesho kutwa niko kortini nasikiliza kwaya."

"Ni maombi tu, Baba," Mama akasema.

"Maombi yanasema shamba fulani ni la fulani? Profesa!" Huyo ni mimi. Alianza kuniita hivyo nilipohitimu nikarudi nyumbani bila kazi, na sidhani alikusudia kunisifu. "Wewe ndio umesoma. Nenda ujue kama huo wimbo ni wa kweli. Ukiwa wa kweli, nitamwambia fundi aache nafasi waingie siku moja. Ukiwa ni wa kutunga juzi, ukuta unapanda na hakuna mtu anaingia."

Niliipenda kazi hiyo kuliko nilivyopaswa. Chuoni tulikuwa na mhadhiri aliyetufundisha kwamba muziki ni ghala la kumbukumbu za jamii, na kila alipotamka "ghala" alifumba macho. Nilimuuliza tutajuaje kama ghala limewekwa vitu vya uongo. Darasa likacheka, yeye akasema ni swali zuri, akaendelea na somo. Tena nilikuwa nimeshuhudia harusi ya binamu yangu, ambapo shangazi zangu waliimba langoni nyimbo za mababu walizojifunza asubuhi ileile kwenye simu, wakiwa na rola kichwani. Wageni walilia machozi. Tangu hapo najua kwamba jambo la kale linaweza kutengenezwa kabla ya chakula cha mchana.

Nilivuka barabara na simu yangu. Koko hakushangaa.

"Unaweka kwa simu? Weka. Lakini usinikatize. Nikikatizwa naanza mwanzo."

Aliimba akiwa amekaa kwenye ndoo kubwa ya plastiki iliyopinduliwa, sauti ya chini, karibu kama mtu anayesimulia. Wimbo wenyewe ulikuwa na mapengo. Aliimba mstari, akanyamaza, akaimba mwingine, akanyamaza tena. Kichwa chake kiliendelea kuyumba wakati wa kimya. Niliyategea masikio mapengo hayo kuliko maneno, kwa sababu Kimaasai changu ni cha salamu tu. Nilijiambia: anatumia kimya kutafuta cha kusema. Anatunga sasa hivi, mbele yangu, na mimi namshikia simu.

Alipomaliza nilimuuliza kwa nini ananyamaza.

"Si mimi nanyamaza. Hapo ni pa wengine kujibu. Hawako, nifanye nini?"

Jibu zuri. Majibu mazuri huniongezea shaka. Nikamuuliza kama kuna mtu mwingine anayeujua wimbo huo. Akasema dada yake mkubwa, aliyeolewa upande wa Kajiado, lakini hawajaonana tangu mazishi ya mume wake yeye Koko. Hilo ndilo nililotaka: shahidi ambaye hajakaa na mwenzake wakapanga maneno.

Siku mbili baadaye Baba alikuwa na magunia ya kupeleka Kajiado, nikachukua pikapu mimi. Nilimkuta dada mtu nje ya duka la mwanawe la dawa za mifugo, akitunga shanga. Mwanawe, mwanamume mnene wa kupenda maneno, ndiye aliyenitafsiria.

"Kwa nini Mkikuyu anatafuta wimbo?" akauliza. "Wenu umepotea? Umeangalia chini ya kitanda?"

"Natafuta kujua kama ni wa kweli."

"Wimbo wa kweli! Na wewe ni polisi wa nyimbo?"

Sikumwambia mama yake lolote. Nilibonyeza simu tu, sauti ya Koko ikatoka. Yule bibi aliacha shanga. Mstari wa kwanza ukapita, pengo likafika, na yeye akaimba ndani yake. Jibu lake lilianza pale kimya kilipoanza, likaisha pumzi moja kabla Koko hajarudi. Pengo la pili vivyo hivyo. La tatu. Baadhi yalikuwa mafupi, mengine marefu, na hakukosea hata moja. Dada wawili wasioonana wakaimba pamoja kwenye kibaraza cha duka la dawa za kupe, mmoja akiwa ndani ya simu yangu. Mteja mmoja aliyekuja kununua dawa alisimama na chupa mkononi mpaka akasahau kulipa, akaitwa arudi.

Nikaisogeza simu karibu naye. Kisha wimbo ukafika mwisho, ile sehemu ambayo Koko alikuwa ameniambia ndiyo inayotaja kona yetu. Mstari ukapita. Pengo likafika. Yule bibi akafunga mdomo.

Pengo lilibaki tupu mpaka mwisho wake. Akamwambia mwanawe maneno machache.

"Anasema hapo hajui. Anasema huko nyuma kote kulitoka kwa mama yao. Hiyo ya mwisho dada yake ameongeza mwenyewe."

Nilirudi nikiwa na ushindi kwenye kiti cha abiria. Mwanzo wa wimbo ulikuwa wa kale, hilo sikuweza kulikana. Lakini kipande kilichohusu shamba letu kilikuwa kimebandikwa. Nilipita Isinya nikijisomea kichwani jinsi nitakavyomwambia Baba, kwa hatua, kama utetezi wa tasnifu.

Koko nilimkuta jikoni kwetu na Mama. Walikuwa wanachambua maharagwe kwenye sinia moja, na hilo nalo sikulipenda.

"Dada yako hakujibu mwisho," nikamwambia, hata kabla ya salamu. "Amesema uliongeza."

"Niliongeza," akasema.

"Kwa hiyo ulitunga."

"Sasa nani angenitungia? Nilizaa msichana hapo, nikatunga hapo, nikiwa bado sijatoka nje. Na hapo si pa dada yangu kujibu. Ni pa huyo msichana. Yeye ndiye alizaliwa hapo."

"Nitajuaje kama ulitunga wakati huo ama ulitunga wiki jana?"

Aliokota jiwe dogo kwenye maharagwe, akaliweka pembeni ya sinia.

"Hutajua," akasema.

Mama akaingilia. "Achana na yeye, Koko. Huyu hata wimbo wangu aliukataa. Alitoka chuo akaniambia ni wa Wazungu."

Ni kweli. Mama ana wimbo wa kanisani anaouimba kwa Kikuyu akifua, na niliwahi kusoma kwamba sauti ya wimbo huo ililetwa na wamishenari.

"Si uongo," nikasema. "Sauti ililetwa."

"Mimi niliupata kwa cucu, nyanya yako, akichuma kahawa. Kwa hiyo kahawa kulikuwa na Mzungu gani?"

"Mwenye shamba."

"Mwenye shamba hakuwa anaimba," Mama akasema.

Koko alitaka kujua cucu alikuwa akiuimba akichuma mahali gani, na Mama akaanza kutaja: mteremko, mto, kiwanda cha kahawa, njia ya kwenda kanisani. Sikuwahi kusikia majina yale. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema hakuwahi kuulizwa, aliambiwa tu.

Baba alinisubiri sebuleni.

"Profesa. Ni wa kweli ama ni wa uongo?"

"Mwanzo ni wa zamani. Nimehakikisha. Mwisho ni wake mwenyewe."

"Basi ni uongo."

"Sijasema hivyo."

"Umeenda Kajiado na mafuta yangu ukaniletea 'sijasema hivyo'?"

Nilimwambia kile nilichokiamini, nacho hakikuwa huruma. Tukiwazuia, wimbo huo utaimbwa mahali pengine, nje ya masikio yetu, na hatutajua unasema nini juu yetu. Wakiingia, nitaurekodi wote, mbele ya kila mtu, na hakuna atakayeweza kuubadilisha baadaye. Baba alifikiri. Hoja ya upelelezi ilimwingia kuliko hoja yoyote ya maombi.

"Siku moja," akasema. "Fundi aache nafasi ya mlango. Wakitoka, anaziba."

Walikuja wanawake sita. Binti mwenyewe alitembea polepole, mkono kiunoni, macho chini, akiwa amevaa koti la kazini. Anafanya kazi kwenye shamba la maua na alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku. Baba alisimama kando ya mawe yake akiwa amevaa viatu vya gamubuti, mikono kifuani, kama askari wa benki. Mimi nilikuwa na simu.

Koko alimwaga maziwa kidogo kwenye udongo wa sukuma, akaanza. Mara hii mapengo yalijazwa. Nilifuata wimbo kwa rekodi yangu niliyokuwa nimeikariri, nikitafuta kosa. Maboma yaleyale, kwa mpangilio uleule. Baba huyaita "mabomba" kutuchokoza, na siku hiyo alilinong'ona neno hilo mara moja, hakuna aliyecheka. Wakafika kona yetu. Koko akaimba mstari, wenzake wote wakanyamaza, na pengo likabaki wazi.

Binti hakujibu. Mtu aliyezika matumaini mawili hana haraka ya kutaja la tatu. Koko hakurudia mstari wala hakumsaidia. Kichwa chake kiliyumba tu, kikihesabu kile kimya. Kisha binti akafungua mdomo, sauti nyembamba, ikakatika katikati, akaimalizia. Mama yangu alikuwa ameshika leso yake kwa meno.

Nilidhani wamemaliza. Koko akaendelea. Akaongeza mistari mitatu ambayo haikuwa kwenye rekodi yangu, wenzake wakaidaka papo hapo, wakamtazama Mama, wakaitazama tangi, wakamtazama Baba na gamubuti zake. Wakacheka huku wanaimba.

"Wamesema nini?" Baba akaniuliza.

"Sijui."

"Si una simu?"

Niliwauliza wenyewe. Mmoja alisema ni baraka. Mwingine akasema ni habari tu. Koko akasema, "Ni mahali. Mahali pana watu." Nikamtumia rekodi yule mwenye duka Kajiado. Akanirudishia sauti yake akicheka muda mrefu, kisha: "Polisi wa nyimbo, hiyo siwezi kukutafsiria. Njoo ujifunze."

Fundi alikuja kesho yake kuziba. Baba akamzuia.

"Wametuweka kwa wimbo," akasema. "Siwezi kuwafungia nje kabla sijajua wametusema vipi. Na kama ni matusi? Profesa akimaliza kazi yake, tutaziba."

Binti alijifungua salama, msichana, hospitalini. Koko alipoleta habari nilimwambia, kwa heshima, kwamba huenda daktari ndiye aliyesaidia.

"Hata daktari tumemweka kwa wimbo," akasema, akapita kwenye nafasi ya mlango kwenda kwa Mama.

Najifunza Kimaasai sasa, polepole na kwa chuki kidogo. Katika ile mistari mitatu nimeshatambua sukuma na tangi, na neno la lango. Mstari wa mwisho bado, na kila ninayemuuliza hunipa maana tofauti huku akitabasamu. Baba huuliza kila Jumapili. Mawe ya kuzibia yako palepale kando ya pengo, na kuku wa Mama wameanza kutagia nyuma yake.