Nyimbo za Mzee Nyenza Nilizozitia Kufuli

Ipo siku moja, mwanangu Lusajo, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Nilikuwa nimesimama sebuleni kwa watu, Mlandege, pale Iringa, mbele ya kompyuta, na nyuma yangu umekaa ukoo mzima wa marehemu unaningoja mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nitakusimulia ilivyokuwa, ila kwanza niache nikasirike kidogo, maana tangu uliponipigia simu juzi sijatulia.

Umeniambia kuna watu wamekubali kuuza nyimbo zako mtandaoni, na wamekupa uchague. Ama ziuzwe wazi, mtu akishanunua ni zake, au zitiwe kufuli, zisikike kwenye simu ile ile iliyonunua, tena kwa ruhusa yao. Ukasema Jumatatu utawajibu, na kwamba moyo wako uko kwenye kufuli kwa sababu Watanzania ni wezi. Watanzania ni wezi! Na mimi shangazi yako ni wa wapi, Zambia? Baba yako aliyenunua kanda za muziki mpaka kabati likashindwa kufunga, naye mwizi? Samaki mmoja akioza, wewe unamwaga tenga zima.

Usinune. Nakugombeza kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi, kwa kinywa hiki hiki, na yaliyonipata sitaki yakupate.

Nilikuwa sijafika thelathini. Nilikuwa na kiduka cha CD Mwanjelwa, Mbeya, na nyuma yake chumba cha kurekodia, kuta zote nimezibandika trei za mayai ili kelele za sokoni zisiingie. Kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, na jeuri ya watu kumi. Kwaya zilikuja, bendi zilikuja. Lakini kazi yangu ikitoka Ijumaa, Jumamosi wachomaji wa CD wanaiuza mtaa wa pili, jalada limepigwa fotokopi hata sura za waimbaji hazionekani. Niliumia, mwanangu, nisikudanganye. Kuna mmoja nilimpindulia meza mchana kweupe, watu wakanishika. Hasira hasara, wahenga walishasema, ila mwenye hasira huwa hana masikio.

Ndipo akaja fundi mmoja kutoka Dar. Kijana mtanashati, viatu vinang'aa hata kwenye tope la Mwanjelwa. Akanionyesha programu yake. CD ikiwekwa kwenye kompyuta inadai namba, namba inaulizwa kwenye ofisi yake kwa mtandao, ofisi ikikubali wimbo unafunguka, kwenye kompyuta hiyo moja basi. Ukiipeleka kwingine, kimya. Mimi nilicheka kwa furaha. Nikaona sasa wale wachomaji watakula trei zangu za mayai.

Na kazi ya kwanza niliyoitia kufuli ilikuwa ya Mzee Nyenza.

Huyu alikuwa mzee wa Kihehe, mpigaji wa ligombo, chombo chao kile cha nyuzi, na alikuja Mbeya kwa basi amekifunika blanketi kama mtoto mgonjwa. Kwao yeye ndiye aliyekuwa anaitwa kwenye kuanua tanga. Msiba ukifikia mwisho, ukoo unakaa, naye anaimba majina: huyu alizaliwa na huyu, akahamia kilima kile, akamzaa huyu, mpaka anamfikia marehemu na kumweka kwenye mstari wa baba zake. Jina likishatajwa pale, watu wanainuka, wanarudi mashambani mwao wametulia. Wajukuu zake walikuwa wamekataa kujifunza, wanasema ni mambo ya kizamani. Nilipomuuliza kwa nini amesafiri mbali hivyo na miguu imevimba, alinijibu kwa upole tu.

"Nimewataja wote, binti yangu. Nikifa, nani atanitaja mimi?"

Alitaka wimbo wa majina urekodiwe, na mwisho wake jina lake mwenyewe aliweke kwa sauti yake mwenyewe. Aliimba nyimbo saba. Ule wa majina ulichukua karibu saa nzima, na alipojitaja alifumba macho. Mimi mwenyewe nilisahau kuzima mashine.

Wimbo mmoja wa kuvunia ulezi niliutoa wazi kabla, uwe kionjo, watu wauonje. Sita zilizobaki nikazitia kufuli. Na hapa ndipo pa kunichapia fimbo, mwanangu. Fundi alinionya nisiache nakala iliyo wazi ofisini, eti vijana wa dukani wataiba. Nikakaa kwenye kiti, nikafuta nakala za wazi moja moja kwa kidole changu, nikabakiwa na zenye kufuli. Nikajiona mjanja.

Binti wa Mzee Nyenza, Mwalimu Edina, alinunua ya kwake dukani kwangu kama mteja yeyote. Sauti ya baba yake mwenyewe aliinunua, akaandikiwa namba. Alipofika Iringa ikafunguka, wakasikiliza wote, mzee akiwa amekaa pale pale. Alinipigia simu kunishukuru. Sikumwambia kitu kuhusu nakala, na yeye hakuuliza. Angeulizaje? Mtu akinunua sufuria haulizwi ruhusa kila akitaka kupika.

Miaka miwili haikutimia. Ile kompyuta ya Mwalimu ikaungua na umeme, akanunua nyingine. Mzee akafariki. Wakamzika, na siku ya kuanua tanga ukoo ukakusanyika, wametoka Kalenga, wametoka Ifunda, wengine wamekuja kwa lori la mbao toka Mafinga. Asubuhi Mwalimu akaweka CD, ikadai namba. Akaandika namba. Ikamwambia hana ruhusa. Nami nilikuwepo, nimekuja kuhani, basi wakaniita sebuleni, mwenye mali nimefika. Nikampigia fundi Dar, simu haipatikani. Nikapiga ofisini, akapokea mwanamke anauza mapazia, akaniambia wale walishahama zamani, hajui waliko. Nikajaribu namba yangu mwenyewe ya mwenye studio, na yenyewe inaiuliza ofisi ambayo sasa ina mapazia. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeingia na marehemu wa watu mkononi.

Nikageuka kuwaambia. Hakuna aliyepiga kelele, na hilo liliniumiza zaidi. Dada yake marehemu, Bibi Skola, kikongwe mwembamba aliyekuwa amekaa mkekani, aliniita nichuchumae mbele yake. Akaniuliza kama ni kweli nimezifunga mwenyewe. Nikasema ni kweli, niliogopa wezi. Akanitazama sana.

"Mwizi gani alikuja hapa, binti? Humu ndani tuko sisi, tulionunua. Uliwaogopa wezi, ukatufungia sisi."

Nikainuka, nikaitoa ile CD kwenye kompyuta.

Wazee wakajaribu kutaja majina kwa kukumbuka. Walifika jina la nne, wawili wakabishana. Mmoja anasema babu yule alizaa na mke mkubwa, mwingine anasema mdogo, na aliyekuwa anajua amelala kaburini. Wakaacha pale. Watu waliinuka jina la Mzee Nyenza halijatajwa mahali pake. Walinipa chakula, mwanangu, wakaniaga vizuri, na mimi nililia kwenye basi kutoka Ipogolo mpaka Makambako.

Sasa nikwambie kinachonikera mpaka kesho. Ule wimbo wa kuvunia ulezi, ule niliouacha wazi, upo. Wachomaji waliuchoma, wakauweka kwenye kanda, leo uko kwenye simu za watu, nimeusikia Tukuyu na nimeusikia Njombe. Mwalimu Edina anao, alipewa na mpita njia. Ule wa majina, uliokuwa roho ya ukoo, uliolindwa kwa kufuli la kisasa, hakuna mtu duniani anayeweza kuusikia. Wale wachomaji hawakuumia hata kidogo. Walikuwa na nyimbo nyingine mia za kuuza.

Usinisikie vibaya. Wizi ni wizi, siutetei, na anayeuza jasho lako bila idhini mfuate mpaka kwa mwenyekiti wa mtaa, mpaka polisi, nami nitakusindikiza na khanga nimejifunga kiunoni. Lakini huyo ndiye wa kumfuata. Usimwache yeye ukaenda kumpekua aliyekuja mlangoni na haki yako mkononi. Ni kichaa gani hiki cha siku hizi, mwizi anasikiliza anavyotaka, aliyenunua kwa uaminifu ndiye anayeulizwa ruhusa, simu yake ikiharibika anyang'anywe alicholipia? Na hao wanaokuambia watakutunzia ufunguo, waulize watakaa mjini mpaka lini. Kama hawana jibu, mimi ninalo, na linauza mapazia.

Mficha uchi hazai, Lusajo. Wimbo kazi yake ni kutoka. Jumatatu waambie ziuzwe wazi, jina lako uliandike kubwa, na ombi lako kwa msikilizaji uliseme kwa heshima: ukiupenda, ninunulie. Wako watakaokuibia. Wengi watakuheshimu, kwa sababu umeanza kuwaheshimu. Na nakala iliyo wazi, ya kwako mwenyewe, usiifute hata akuambie malaika. Mpe mama yako moja, na mimi nitumie moja.

Mungu akulinde na wezi, mwanangu, na akulinde zaidi na woga wa wezi. Akupe wasikilizaji waaminifu, sauti yako iwafikie wajukuu usiowajua. Na siku utakapoondoka, ukiwa mzee umeshiba miaka, wakikaa kukutaja asikosekane wa kukuweka mahali pako.