Maestro Alijikuna Shingo, Gitare Ikaendelea Kulia

Jumapili ile, katikati ya maombi, Maestro Guelord alitoa mkono wa kushoto kwenye gitare akajikuna shingo.

Gitare haikunyamaza.

Narudia kwa wale wanaosoma huku wanageuza nsima, ugali wa Malawi: mtu anajikuna mbu, na gitare yake inaendelea kulia. Tena inalia vizuri, bila kuteleza.

Kanisa zima lilikuwa limefumba macho. Mimi peke yangu nilikuwa nimeyakodoa, kwa sababu siku hiyo sikwenda kuomba tu. Nilikwenda kuiba vidole.

Ngoja nieleze.

Naitwa Annonciata, wengi wananiita Mama Divin. Kwetu ni Fizi, Kongo. Nakaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya hapa Malawi, nashona nguo. Zamani nilikuwa na kibanda cha kushona Biwi, pale Lilongwe, mpaka tuliporudishwa kambini. Biwi ulikuwa unachoka kwa wateja. Kambini unachoka kwa kungoja wateja.

Mtu akingoja sana anaanza kuwaza mambo ya ajabu. Mimi niliwaza gitare.

Niliikuta Old Town, Lilongwe, siku niliyoenda kutafuta vitambaa. Ilikuwa imetupwa juu ya rundo la kaunjika, zile nguo za mitumba, kama maiti isiyo na ndugu. Ina ufa ubavuni. Muuzaji akanitazama, mama wa kitenge aliyevuka arobaini, akacheka.

"Amayi, mumaimba gitala?" Yaani, mama, wewe unapiga gitare?

Nikamwambia zikomo, asante, nikalipa, nikaibeba.

Nyumbani mume wangu Hubert akaizunguka kama mtu anayekagua ajali.

"Mama Divin, hii jeneza ni ya nani?"

"Ni gitare."

"Naona. Nauliza nani amekufa."

Basi nikaona nisipoteze muda, niende kwa fundi mwenyewe. Na hapa Dzaleka, kwenye kanisa letu, fundi alikuwa mmoja tu: Maestro Guelord.

Huyu mtu ungemjua kwa viatu. Viatu vyeupe, kwenye vumbi la Dzaleka! Na miwani ya jua ndani ya kanisa lenye dirisha dogo kama la choo. Alikuwa haingii kanisani, alikuwa anatokea. Korali ikishasimama, watu wakishaketi, njo yeye anakuja polepole, anachukua gitare yake ya umeme, anaichunguza kama daktari, halafu anaikunjia uso.

Nilimfuata siku ya mazoezi, mbele ya korali yote. Nikamwambia kwa heshima: "Maestro, nami nataka kujifunza."

Akashusha miwani.

"Mama, gitare haina pedali. Haikanyagwake kama mashine ya kushona."

Korali ikaanguka kicheko. Pasta Melchior naye akacheka, halafu akakumbuka yeye ni pasta, akakohoa.

Maestro akaona soko limekubali, akaongeza: "Tena vidole vya mutu muzima ni mbao. Mbao haiimbake."

Mtu ameshika gitare iliyochongwa kwa mbao, anasema mbao haiimbi. Pale pale njo ningepaswa kujua. Lakini nilikuwa na aibu, na aibu inaziba masikio.

Nikarudi nyumbani, nikaanza peke yangu na video za kwenye simu.

Jamani. Hizi video za kusema "rahisi kwa wanaoanza" zimetungwa na watu wasio na huruma. Vidole vyangu vimechomwa na sindano maisha yote, sikuwahi kulia. Ule uzi mwembamba wa gitare ulinitoa machozi. Na sauti ikitoka, haikuwa sauti ya muziki.

Jirani yetu Sinzinkayo, Mrundi mwenye adabu sana, akaniuliza juu ya ua: "Mama Divin, mbuzi wenu bado anaumwa?"

Hatuna mbuzi.

Sikuacha. Nikajua do, nikajua sol, nikajua la ndogo. Hizo ni akodi, yaani vidole kadhaa vinakandamiza nyuzi kwa pamoja. Halafu nikafika kwenye fa.

Fa ni mkwe mbaya. Inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote kwa wakati mmoja, na vidole vingine vifanye kazi yao kama kawaida. Nilikandamiza mpaka mkono ukafa ganzi. Ikatoka sauti ya sufuria.

Ndiyo maana Jumapili ile nilikaa mbele kabisa na macho wazi. Nilitaka kuona Maestro anailazaje hiyo fa.

Akajikuna shingo.

Nikasema labda nimeona vibaya, nina njaa. Nikangoja wimbo mwingine. Ulipofika kwenye fa, spika ikatoa fa safi, tamu kama uji wa mgonjwa. Na kidole cha shahada cha Maestro kilikuwa kimesimama wima, kama kinaonyesha watu njia ya kwenda Dowa.

Hakuna binadamu anayepiga fa namna ile. Ningekuwa sijaumizwa na fa, nisingeona kitu. Ningemwona Maestro tu, kama kondoo wenzangu.

Nikafuata waya kwa macho. Waya wa gitare yake unashuka, unapita chini ya mkeka, unaingia nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia kuna kachumba ka kutunzia majoho ya korali.

Jumapili iliyofuata nikatoka katikati ya nyimbo kama mtu anayekwenda haja. Nikazunguka. Ukuta wa kile kachumba una matofali yaliyolegea. Nikachungulia.

Nilimkuta Sylvie.

Sylvie ni mke wa Guelord. Mwanamke wa Bukavu, mkimya, ambaye kanisa zima lilijua kwamba kila Jumapili kichwa kinamuuma, haabudu na watu. Bamama walimwombea. Wengine walisema ana pepo la kuchukia ibada. Kumbe pepo lenyewe limekaa juu ya gunia, magotini lina gitare ya umeme, macho yamefumbwa, vidole vinatembea kama vinafahamiana toka zamani.

Nilisahau kuwa nimekuja kupeleleza. Nikasikiliza.

Kesho yake nikamkuta bombani, ameinamia ndoo.

"Mama Sylvie, kichwa kimepoa?"

"Kidogo."

"Kichwa chako kinapigaka fa muzuri sana."

Akanyanyuka. Nilidhani atanimwagia maji. Badala yake akachukua mkono wangu, akaugeuza, akatazama ncha za vidole.

"We unakandamiza kama unaua kunguni," akasema. "Kidole usikilaze tumbo. Kilaze ubavu."

Nikakimbia nyumbani na ndoo nusu. Nikalaza ubavu. Fa ikatoka! Ilikuwa dhaifu, na mara nyingi ilinikimbia, lakini ilikuwa fa.

Kuanzia hapo, kila Maestro alipokwenda kutembeza miwani yake sokoni, nilikuwa nyumbani kwake najifunza kwa mkewe. Sylvie alikuwa mkali. Nikikosea alisema "tena", hakusema kingine. Nilipomwuliza kwa nini anakubali kukaa gizani kama panya, alisema "tena".

Nikajijibu mwenyewe. Nikasema huyu mwanaume amemfungia mke wake kwenye majoho, anakula jina lake. Nikamdharau mpaka viatu vyake.

Halafu ikaja harusi ya Kanengo, kule Lilongwe.

Ilikuwa ya watu wa kwetu wenye kujisikia, ukumbi mkubwa karibu na maghala. Korali yetu ikaalikwa, tukapewa ruhusa ya kutoka kambini, tukapakiwa minibus. Mimi nilikuwa nimebeba gitare yangu yenye ufa.

Maestro akaiona. "Hii iache kwenye minibus. Tunaenda kwa batu ba maana."

Nikaitikia ndiyo. Nikashuka nayo nimeificha chini ya kitenge.

Sylvie alikuwa ametangulia asubuhi, eti kusaidia jikoni. Nilipoona mapambo ya vitambaa yamening'inizwa kama pazia nyuma ya meza kuu, sikuuliza jikoni ni wapi.

Mchana bibi harusi akaingia. Mnajua bibi harusi wetu anavyoingia: hatua moja mbele, nusu nyuma, uso mzito, wimbo ukimbeba. Korali inaimba, gitare inalia, Maestro anatikisa kichwa kwa uchungu wa sanaa.

Bibi harusi alipofika katikati ya ukumbi, umeme ukakatika.

Spika kimya. Gitare kimya. Jenereta ikavutwa, ikakohoa, ikalala.

Bibi harusi akabaki ameinua mguu. Wakwe wakaanza kunong'ona, na ule mnong'ono wa wakwe mnaujua, unatafuta mkosi. Msichana wa watu midomo ikaanza kutetemeka.

Pasta Melchior akaniona nina gitare ya mbao, isiyohitaji umeme. Akaninyang'anya, akampelekea Guelord mbio.

"Maestro, tuokoe! Endelea na hii!"

Ukumbi wote ukamgeukia. Guelord akaishika. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Jasho likateremka chini ya miwani.

"Hii ni ya bamama," akasema. "Haina hadhi."

"Piga hivyo hivyo!"

"Ngojeni kwanza niangalie hii jenereta."

Akaiweka juu ya kiti, akatoka nje. Guelord, ambaye nyumbani kwake hata balbu anabadilishiwa na jirani!

Nikamtazama yule msichana. Nikaichukua gitare yangu, nikakaa.

Sitawadanganya. Nilipiga vibaya. Do ikachelewa, sol ikaja na vumbi. Lakini korali ikanishika, bibi harusi akashusha mguu, akapiga hatua. Tukaenda. Halafu nikaiona fa inakuja, nami nikajua kabisa, siiwezi. Ikatoka sauti ya sufuria, mbele ya wakwe.

Pazia likasogea.

Sylvie akatoka nyuma ya meza kuu na vumbi magotini. Hakunitazama. Alinyoosha mikono tu, nikampa.

Jamani, ile gitare ya kutupwa! Sikujua ina sauti ile ndani yake. Wazee wa Bukavu waliinuka kwenye viti. Bibi harusi alifika kwa mume wake analia, na wakwe wakasahau walikuwa wanatafuta nini. Jenereta ilipowaka, mtu akapiga kelele: "Zima hiyo!"

Tulipokuwa tunangojea minibus ya kurudi, nikamshika Sylvie mkono. Nikamwambia sasa nieleze. Huyu mwanaume alikufungia kwa nguvu?

Akacheka. Mara ya kwanza namwona anacheka.

"Guelord? Alikuwa anaogopa hata kugusa gitare. Mi njo nilimubembeleza."

Nikamwachia mkono.

"Kanisa letu la zamani balisema mwanamuke hapigake gitare mbele ya batu. Nikamuambia mume wangu, we kaa mbele, utikise kichwa, mi nitapiga. Alilia, Mama Divin. Alisema ni bongo, ni kudanganya batu, Mungu ataona. Alikuwa mutu mupole sana."

"Sasa hii miwani ilitoka wapi?"

"Batu balianza kumuita Maestro." Akapangusa vumbi magotini. "Mwanzo tulikuwa tunacheka nyumbani. Kisha akaacha kucheka. Siku moja tumerudi kanisani, akaniambia: leo umepiga mubaya, hukufuata mikono yangu."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Ananikosoaka kila Jumapili," Sylvie akasema. "Anaamini, Mama Divin. Anaamini kabisa njo yeye anapiga."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia mwizi. Kumbe ni mtu aliyelewa makofi ya mwenzake mpaka akapotea njia ya kurudi. Sikuweza kumchukia tena. Nikabaki namdharau, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu chuki inachoka.

Jumapili iliyofuata, Sylvie hakuumwa kichwa. Alipita katikati ya kanisa na gitare yake mkononi, akakaa kwenye kiti cha mbele, akafunga waya mwenyewe. Pasta Melchior akamtazama Guelord. Sote tukamtazama Guelord.

Akainuka taratibu. Akavua miwani. Nikasema moyoni, sasa huyu ataomba msamaha, na mimi nitalazimika kumheshimu.

Akanyoosha mkono kwa mkewe kama askofu.

"Nimemuruhusu," akasema.

Kanisa likampigia makofi. Yeye! Watu walisimama kabisa. Mama mmoja alipiga vigelegele.

Sylvie hakungoja waishe. Alianza kupiga.

Wewe unayesoma hapa, unayemsukuma mwenzako mbele kwa sababu unaogopa watu watasema nini: mtu unaweza kumwazima kiti chako. Usimwazime jina. Kiti atachoka kukikalia, atainuka. Jina atakuja kukuuliza wewe umelitoa wapi.