Jina Lililoanguka Mara Tatu

Kanimega alikuwa mwanamke pekee kijijini anayejua kusoma, na hicho ndicho kilichompa kazi ya kusoma majina siku ile ya kutafutwa kuhani mpya.

Huko kwetu kisiwani Miyako hakuna kugombea. Majina ya wanawake waliotimiza miaka hamsini huandikwa kwenye vijikaratasi, vikaviringishwa, vikamwagwa kwenye sinia. Sinia hutikiswa. Jina likianguka mara tatu, mungu kamtaka mwenye jina. Atavaa nyeupe, ataingia msitu wa mungu majira ya upepo wa kaskazini, siku nne bila chakula, alale chini. Na hakuna kukataa.

Mdogo wake, Mayamega, alikuwa akikohoa damu tangu mavuno ya mtama. Siku nne zile zingemmaliza.

Kanimega mwenyewe alimtafuta mungu miaka thelathini. Hakuna jiwe takatifu asilolipigia magoti, na hakujibiwa hata kwa ndoto.

"Mungu kakuchoka, shoga," jirani yake Bunamega humtania. "Hebu mpumzishe."

Karatasi ya kwanza ikadondoka. Kanimega akaifungua: Mayamega.

"Nani?"

"Mimi," akasema.

Wakairudisha, wakatikisa. Akafungua. Mayamega.

"Mimi tena."

"Ehee! Umemhonga nini, wewe?" Bunamega akauliza, na wenzake wakaangua kicheko.

Mara ya tatu hakuna aliyecheka. Sinia lilikuwa bado halijainuliwa. Karatasi ilitoka yenyewe, ikabiringika mkekani mpaka gotini pake. Akaisoma, akaitia mdomoni, akaitafuna, akameza.

"Kanimega," akasema.

Mayamega akamshika mkono. "Dada, baridi ya kule itakuua. Sema hutaki."

"Niseme sitaki? Miaka yote natafuta, leo nimepata, wewe wanililia nini? Kanywe uji wako."

Siku mbili msituni hakusikia hata ndege. Siku ya tatu, mchana kweupe, upepo ukakatika ghafla. Nyuma ya mawe sauti ikaita, polepole, karibu kabisa na sikio. Ndiyo hiyo aliyoitafuta maisha yake yote; aliijua papo hapo.

"Mayamega."

Kanimega akaweka vazi lake sawa, akainuka.

"Abee," akaitika. "Nakuja."